Uzito Uliobaki Mgongoni

"Umri jumlisha nne, zidisha mara mbili, basi," alisema Mzee Kizibo, na kiganja chake kikapiga meza ya kuhesabia vidonge hadi viwili vikaruka vikaanguka chini. "Mtoto ana miaka miwili. Mbili na nne, sita. Sita mara mbili, kumi na mbili. Huyo ni kilo kumi na mbili. Mpimie dawa aende zake. Kanuni hii imetibu watoto kabla mama yako hajaota meno."

"Huyo si kilo kumi na mbili, mzee. Mwangalie shingo."

"Siangalii shingo. Naangalia kanuni."

"Kanuni haijamwona huyu mtoto."

"Na wewe uliyemwona, uliyempima mara tatu, umepata ngapi?"

Nukta alijifanya anaokota vidonge vilivyoanguka, maana jibu alilokuwa nalo hata kulitamka aliona haya.

"Sema, binti. Umepata kilo ngapi?"

"Sifuri, mzee."

Mzee Kizibo alicheka kicheko chake kile cha puani. Alikuwa ndiye mfamasia wa zahanati ile, mfupi, mnene, amekazana kama kizibo chenyewe. Chupa akishaifunga yeye, hata uite mafundi. Wanasema kuna mgonjwa alipewa dawa ya kikohozi iliyofungwa na mkono wake, akahangaika kuifungua mpaka kikohozi kikachoka kusubiri kikaondoka.

Binti aliyekuwa akibishana naye jina lake la kuzaliwa lipo, lakini pale kwenye dirisha la dawa lilikwisha kusahaulika. Aliitwa Nukta. Alikuwa mwanafunzi wa utoaji dawa, amepelekwa pale kujifunza kazi mpaka Mzee Kizibo aridhike naye. Kabla ya hapo alikuwa akitoboa matundu ya vifungo kwenye cherehani ya mama mdogo wake, aliyemlea. Jina la Nukta alilipata wiki ya kwanza tu, kwa sababu kila hesabu ikiisha yeye aliuliza, "Na nukta iko wapi?" Wenzake wakicheka, yeye hakucheka. Alikuwa amefundishwa kwamba nukta ikisogea hatua moja tu kwenye karatasi, mtoto mmoja anakunywa dawa ya watoto kumi. Kitu kidogo kama kinyesi cha nzi, na kinaua. Tangu alipolisikia hilo, alikuwa hawezi kuona nzi ametua kwenye karatasi bila kushtuka.

Sasa dawa yenyewe waliyokuwa wanaibishania ilikuwa ya degedege. Hiyo haina mchezo. Inapimwa kwa kilo za mtoto: kila kilo ina miligramu zake tano. Ukimpunja, degedege linarudi na ndugu zake. Ukimzidishia, mtoto analala vizuri sana, usingizi usio na asubuhi. Nesi wa chumba cha pili alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi isipokuwa uzito, kwa sababu mzani wa watoto, ule wa kuning'iniza, ulikuwa umekatika springi. Uliobaki ni mzani wa watu wazima wa pale dirishani, wa kusimama juu yake, wenye mshale.

Na mzani huo nao una njia yake ya kumpima mtoto. Kila anayefanya kazi hiyo anaijua. Mama anapanda na mtoto, unaandika. Mama anamshusha mtoto, anapanda peke yake, unaandika. Unatoa. Kinachobaki ndicho mtoto.

Asubuhi ile Nukta aliusikia ubao kabla ya kumwona mtu. Mbele ya mlango wa zahanati palikuwa na mtaro wa maji machafu, na juu ya mtaro ubao, na ubao ule ulikuwa ukilia kwa kila anayeuvuka: mtu mmoja, *kwa*, mara moja. Mzee Kizibo alikuwa hahitaji kuinua macho ili ajue wamekuja wangapi. Ubao ulilia mara tatu. Mzee akasema, "Watatu hao, fanya haraka." Akaingia mwanamke mmoja, mtoto mgongoni.

Alikuwa mwembamba wa uso, lakini akitembea kama aliyejitwika mtungi. Ndala zake zilikuwa zimelika hadi kubaki kama karatasi. Mtoto ndani ya mbeleko hakulia, hakuchezesha mguu. Alikuwa akiwatazama watu kama mzee anayesubiri zamu yake benki.

Walipotoka kwa nesi, Nukta akampandisha mama na mtoto. Mshale ukasema sitini na moja. Akampokea mtoto, mama akapanda peke yake. Mshale ukasema sitini na moja.

Akasema moyoni, huenda mama huyu ana kitu mfukoni. Akaomba atoe. Akatoa funguo na leso. Sitini na moja. Wakarudia. Sitini na moja na mtoto, sitini na moja bila mtoto. Mtoto alikuwa ameshuka, uzito haukushuka.

Hapo ndipo alipoingia ndani kumwambia mzee, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

"Mzani umeharibika," alisema Mzee Kizibo sasa, akijifuta jasho la kicheko.

"Nimeupima asubuhi kwa dripu."

Hilo nalo ni la watu wa dawa. Dripu ya lita moja ni kilo moja, na katoni nzima ikiwekwa juu ya mzani na mshale ukasimama panapotakiwa, mzani ni mzima. Nukta alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi, na baada ya katoni akipanda mwenyewe. Alikuwa kilo hamsini na mbili, hapandi wala hashuki, kama bei ya chumvi.

"Basi panda wewe na mtoto," alisema mzee. "Wewe si unajijua? Tuone huo uchawi."

Walitoka wote wawili. Nukta akampokea mtoto tena, akapanda. Hamsini na tisa.

"Haya," alisema Mzee Kizibo. "Hamsini na tisa toa hamsini na mbili?"

"Saba."

"Kilo saba. Umeona? Mama wa watu ulikuwa unamsumbua bure."

Nukta akamrudishia mama mtoto wake. Alikuwa anataka kushuka, lakini macho yake yakaanguka chini, kwenye kioo cha mzani. Mshale ulikuwa haujarudi. Ulikuwa pale pale, hamsini na tisa, na mikono yake mitupu.

Alishuka, akapanda tena. Hamsini na tisa. Na mgongoni, kati ya mabega, alihisi joto dogo la mviringo, kama shavu lililolazwa.

"Umekula nini?" aliuliza mzee, lakini sauti ilikuwa imepungua chumvi.

"Panda wewe, mzee."

"Mimi sina muda wa..."

"Panda."

Mzee Kizibo alipanda. Sabini. Akapewa mtoto. Sabini na tano. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akatazama chini, na watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri wanasema hiyo ndiyo siku ya kwanza waliyomwona Kizibo amefunguka mdomo. Sabini na tano.

Nukta alikuwa ameshaelewa, na alitamani asingeelewa. Kwake mtoto alikuwa saba. Kwa mzee, tano. Kila anayempokea anabakia na mzigo, na mtoto anatoka mikononi mwake akiwa pungufu. Na dozi inafuata kilo. Dawa ya kilo saba ukimpa mtoto wa kilo tano umemzidishia, na kesho atakuwa ngapi?

"Asibebwe tena na mtu mwingine," alisema. "Mama, mlaze hapo kwenye benchi tumwone vizuri."

Mwanamke alirudi nyuma hatua, mikono imefika mgongoni kabla ya maneno kufika mdomoni. "Huyu hawekwi chini."

"Kwa nini, dada?"

"Nimesema hawekwi chini."

Bibi mmoja pale kwenye benchi, mwenye mguu uliofungwa bandeji, alisogea akampisha nafasi, na mwanamke yule akakaa ukingoni, mgongo haugusi ukuta, na polepole akayasema. Alikuwa amezaa wawili kabla ya huyu. Wa kwanza alikuwa amefika kilo saba kliniki, wakamsifu. Mchana mmoja alimlaza mkekani aanue nguo. Akarudi na nguo, mtoto hakuamka. Wa pili alifika kilo nane. Huyo alimlaza kitandani, akakaa pembeni yake kabisa, akasinzia. Wote wawili alikuwa amewaweka chini kwa mikono yake mwenyewe. Basi huyu wa tatu, tangu alipotoka tumboni, hakuwahi kuguswa na mkeka, wala kitanda, wala sakafu. Mama alikuwa analala ameketi. Baba yake alijaribu kumshusha siku moja, wakagombana mpaka majirani wakavunja mlango.

"Mgongo wangu ndio kitanda chake," alisema. "Kitanda hiki hakijanisaliti."

Bibi mwenye bandeji akasema polepole, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," na watu wakaangalia miguu yao.

Mzee Kizibo akaenda kuongea na nesi, akarudi. Nesi alikuwa amempiga mtoto sindano asubuhi, na sindano hiyo ingelishika degedege mpaka kesho mchana, si zaidi. "Kesho asubuhi mrudi," alisema. "Usimpe mtu yeyote amshike. Hata malaika akikuomba."

Alipotoka, ubao ulilia mara tatu.

Jioni Nukta aliporudi nyumbani, mama mdogo wake alikuwa kwenye cherehani, sindano mdomoni, anashona bila kutazama. Nukta alipoingia, mkasi uliokuwa mezani uliruka.

"Mwanangu, taratibu. Unatembea kama askari wa gwaride."

"Natembea kama kila siku, mama mdogo."

Akakaa kwenye kigoda. Kigoda kikasema *kwaa*, mguu mmoja ukaenda huku na Nukta akaenda kule.

Mama mdogo akatoa sindano mdomoni. "Kigoda hiki kimekaliwa na mjomba wako, naye ukimwona akipita unadhani ni kabati linahama. Leo kimevunjwa na mbavu zako hizi? Huko zahanati mnalishana mawe?"

Nukta alicheka, kwa sababu ukicheka na mama mdogo haulizi mengi. Akasimama, akaenda kuchochea moto, akawa anamenya vitunguu huku akifikiria kilo saba na kilo tano na kesho mchana. Baadaye akasikia cherehani imenyamaza. Mama mdogo alikuwa anamtazama, na usoni utani wote umeisha.

"Mwanangu."

"Naam."

"Unambembeleza nani?"

Ndipo Nukta alipogundua kwamba alikuwa anayumba. Mguu huu, mguu ule, taratibu, kiuno kinazunguka kidogo, vile wanavyofanya akina mama wote wenye mtoto mgongoni asiyetaka kulala. Alijaribu kusimama tuli. Aliweza kwa muda wa kupepesa macho. Alipoacha kuyumba, kitu nyuma ya shingo yake kikavuta pumzi, kama mtoto anayejiandaa kulia. Akaendelea kuyumba.

Alilala kifudifudi.

Lakini binti yule alikuwa na kitu kimoja kichwani, nacho hakikumtoka hata kwa hofu. Mzee Kizibo, pamoja na ubishi wake wote, alikuwa amemfundisha sheria moja ya kazi: hesabu yoyote ya dozi ni lazima irudi kwa mguu wake. Ukitoka kwenye kilo ukafika kwenye mililita, geuka. Shika mililita, rudi nazo mpaka kwenye kilo. Ukifika nyumbani ulikotoka, dawa itoke. Usipofika, dawa isitoke, hata kama mgonjwa ni mtoto wa mfalme. Na Nukta amelala kifudifudi, joto lile mgongoni, akawa anairudisha njia waliyoipita. Mama na mtoto. Kisha mtoto akatolewa, akabaki mama. Yeye na mtoto. Mtoto akatolewa, akabaki yeye. Mzee na mtoto, vivyo hivyo. Mara zote walimtoa mtoto juu ya mtu. Hakuna aliyewahi kumtoa mtu chini ya mtoto.

Asubuhi alimkuta Mzee Kizibo ameshafika, amesimama mbele ya rafu za dawa anasoma lebo asizozisoma. Mguu huu, mguu ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unambembeleza nani?"

"Nyamaza ufagie."

Alifagia. Akaweka katoni ya dripu juu ya mzani, mshale ukasimama panapotakiwa. Akatoa beseni la plastiki ambalo huoshea chupa, akalikausha, akalikunjia shuka safi ndani yake, akaliweka juu ya mzani, na ile skrubu ya ubavuni akaizungusha mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri, beseni likiwa juu. Mzee Kizibo alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho.

"Hatakubali," alisema.

"Najua."

"Na akikataa utafanyaje? Mchana ukifika sindano inaisha nguvu. Nitampa ya kilo kumi na mbili, binti, nakuambia ukweli. Afadhali kanuni kuliko sifuri."

"Ya kilo kumi na mbili itamuua."

"Na sifuri itamfanya nini?"

Ubao ukalia mara tatu, wakaacha kuongea.

Mtoto alikuwa amepungua. Hilo lilihitaji macho tu, wala si mzani. Mbeleko ilikuwa imezungushwa mzunguko wa ziada, maana hakuwa anaijaza tena. Mama yake alikuja ameinama, mikono imeshika magoti, na kila hatua ilikuwa inaacha alama ya unyevu sakafuni kama nyayo za mtu aliyebeba wengine wawili. Wanaosema hivyo walikuwepo. Asiyeamini na asiamini.

Nukta hakumwambia habari za kanuni. Alipiga magoti mbele yake, wakawa macho kwa macho.

"Dada, umembeba vizuri. Hakuna mama aliyembeba mwanawe kama wewe. Lakini wewe sasa una uzito wake na yeye hana. Ninahitaji kilo zake zirudi kwake nimpe dawa. Sitamchukua kutoka kwako. Yeye atakaa. Utakayeondoka ni wewe."

"Akilia?"

"Atalia."

"Hajawahi kulia."

"Ndiyo maana. Mchelea mwana kulia hulia yeye, dada, na wewe umelia mara mbili tayari."

Mwanamke akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Nikimshusha, atakuwa amebebwa na nini?"

"Na mzani. Ni chuma. Chuma hakisinzii."

Ilikuwa kazi kuifungua ile mbeleko, fundo lilikuwa limekaza kama mzizi, na ilibidi Mzee Kizibo mwenyewe alete meno yake. Mama akamshusha mtoto ndani ya beseni, lakini mkono mmoja ukabaki chini ya kichwa. Mshale ukacheza.

"Na mkono una uzito wake," alisema Nukta. "Utoe, dada. Kidole kimoja kimoja, kama unataka."

Akatoa kimoja. Akatoa kingine. Kilipotoka cha mwisho, mshale ukasimama kwenye tatu, na mtoto akawatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka, kama anayewakumbuka. Kisha akafungua mdomo akalia.

Kilikuwa kilio cha miaka miwili kilichowekwa akiba. Chupa kwenye rafu ziliitikia. Mama aliruka kumnyakua, na Nukta akamkumbatia kiunoni, na hapo akahisi jambo ambalo mpaka leo akilisimulia anashusha sauti: mgongo wa mwanamke ulikuwa unasogea chini ya nguo, kama kuna anayeteremka. Na wake mwenyewe pia. Vidole vidogo vilimwachia bega. Joto likashuka uti wa mgongo, likapita kiunoni, likapita nyuma ya goti, likatoka kisiginoni.

"Tazameni mshale," alisema Mzee Kizibo, naye sauti si yake.

Mshale ulikuwa unapanda. Hakuna aliyegusa beseni. Ukapita nne, ukapita tano, ukasita kwenye saba kama mtu aliyefika mlango asioujua, ukasogea, ukasimama kwenye nane. Mtoto alikuwa anapiga teke kando za beseni kwa miguu yenye nyama.

Kwa kuwa hesabu ni lazima irudi, Nukta akasubiri mtoto akae benchini, kitako chake mwenyewe juu ya ubao, mama amemshika mkono tu. Kisha akaondoa beseni, akaurudisha mshale kwenye sifuri, akampandisha mama. Hamsini na tatu. Jana alikuwa sitini na moja. Sitini na moja toa hamsini na tatu, nane. Imerudi. Akapanda mwenyewe: hamsini na mbili, bei ya chumvi. Mzee akapanda: sabini.

Wakageukiana migongo, kama sheria ilivyo, kila mtu na karatasi yake, mmoja asichungulie ya mwenzake. Kilo nane mara miligramu tano, arobaini. Dawa ile ya maji, kila mililita tano ina miligramu ishirini. Arobaini inaingia humo mara mbili. Mililita kumi. Nukta akaitafuta nukta, hakukuwa na nukta. Akarudi nyuma: mililita kumi, miligramu arobaini, kilo nane. Wakageuka, wakaonyeshana. Kumi na kumi. Ile ya kumi na mbili ya Mzee Kizibo ingekuwa mililita kumi na tano, na hilo hawakulisema, walilitazama tu likipita katikati yao kama paka.

Nukta akavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akampa mtoto pembeni mwa shavu, taratibu. Mzee Kizibo akafunga chupa, kisha akatafakari, akailegeza kidogo.

"Kila siku hivi hivi," Nukta alimwambia mama. "Na kila siku mweke chini. Chupa ikikaribia kwisha mrudi, tumpime upya. Mtoto anakua, na dozi inakua naye."

Mwanamke alisimama, akapepesuka mbele, kama mtu aliyedhani kuna ngazi moja zaidi. Alitoka mwanawe kifuani, anatembea kwa mashaka ya wepesi, na Mzee Kizibo akatega sikio mlangoni kusikiliza ubao. Ulilia mara moja tu. Akapumua.

Nukta hakupumua.

Siku ya kurudi kwao ilipofika, mchana umeng'aa na dirishani hakuna foleni, yeye alikuwa ameweka beseni tayari tangu asubuhi, na mdomo ameukunja.

"Una nini?" aliuliza Mzee Kizibo.

"Ile hesabu, mzee. Haikurudi."

"Ilirudi. Niliirudisha mwenyewe. Na nimeshamwandikia mkuu wa chuo chako kwamba unajua kazi, usinifanye nionekane mwongo."

"Ya mama ilirudi. Ya dawa ilirudi. Lakini hebu jumlisha wote. Mama alikuwa na nane zisizo zake. Mimi saba. Wewe tano."

"Ishirini."

"Na mtoto alikuwa amebaki na tatu zake."

"Ishirini na tatu. Haya."

"Sote tuliziacha siku ile. Mzani ulisoma nane. Ishirini na tatu toa nane?"

Mzee Kizibo alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi.

"Kumi na tano," alisema mwishowe.

"Kumi na tano hazikwenda kwa mtoto, hazikubaki kwetu. Zilishuka, mzee. Nilizihisi zikishuka. Ziko wapi?"

"Ubao ulilia mara moja. Walitoka mama na mtoto, mmoja amembeba mwenzake, basi. Hakuna mwingine aliyetoka."

"Ndiyo," alisema Nukta. "Hakuna mwingine aliyetoka tukisikia."

Mzee Kizibo akatazama nyuma yake, kwenye rafu, kisha akajifanya alikuwa anatafuta pamba. "Kumi na tano ni namba tu, binti."

"Wa kwanza alikuwa saba kliniki. Wa pili nane."

"Nimekwambia ni namba tu."

"Sawa. Lakini leo anakuja nimpime nimwandikie dozi, na mtoto huyu dozi yake si ya kubahatisha. Akipanda pale na mshale ukapanda zaidi ya alivyo, nitaandika uzito wa nani?"

"Utaandika wa kwake."

"Nitaujuaje?"

"Utaujua kwa sababu... sikiliza, Nukta, jambo hili mimi mwenyewe siku moja niliwahi..."

Ubao ulilia. Mara moja: huyo mama, walimjua kwa wepesi wake. Ukalia tena, *kwa*, chini ya mguu mdogo wa mtu anayejifunza. Mlango ukasukumwa, akaingia mama, na nyuma yake mtoto kwa miguu yake mwenyewe, viatu vya plastiki, mashavu yamejaa. Hakumkimbilia mtu. Aligeuka, akaushika mlango kwa mikono miwili ili usijifunge, akatazama nje kwa subira ile yake ya kizee, akingoja, mpaka ubao ulipolia tena, na tena.